Wa milimani Mwanza, jiwe lishawahi kukutisha? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Sisi wa Mabatini, Igogo, Isamilo na Bugando kule juu tunalala chini ya mawe makubwa kuliko daladala, tena juu yake tunaanika nguo na dagaa. Kama ushaona jiwe linasogea tuambie ilikuaje. Naanza mimi: kila mvua ikinyesha udongo mwekundu ulikuwa unatoka chini ya jiwe la nyuma ya nyumba, mama mwenye nyumba anafagia basi imeisha. Usiku mmoja kijiwe kilichokuwa kimelikaba lile kubwa kikachomoka, kikaruka ngazi, kikapiga choo cha jirani kikalala mtaroni. Kubwa limeinama kidogo. Tulihama.

Mgonga kokoto, Igoma
Huo udongo ndo dalili yenyewe mkuu. Hii graniti yetu ina nyufa za asili, maji yanapita humo miaka na miaka, udongo wa katikati unaondoka, linabaki jiwe limekalia jiwe. Sisi tunachoma matairi mpaka mwamba upasuke ndo tunaingiza mtaimbo, ila hatari kubwa ni anayechimba upande wa chini apate kiwanja maana anaondoa kilichokuwa kinazuia. Mita moja ya ujazo ni zaidi ya tani 2 na nusu, na likishaanza kudunda halifuati njia, linakata kona. Ukisikia changarawe zinadondoka na hakuna aliyegusa, kimbia pembeni, usikimbie kushuka.

Nipo Kirumba
Lile tetemeko la Bukoba, Septemba 10, 2016, huku tulilisikia vizuri tu. Mzee alitutoa nje halafu hakuangalia nyumba, aliangalia mlimani 😂

Ex mpagazi
Nimebeba mizigo Kilimanjaro. Kule maji yanaingia kwenye ufa, usiku yanaganda na kuvimba, jua likipiga barafu inaachia na mawe yanashuka, ndo maana sehemu zile watu wanapita mapema asubuhi. Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu pale Arrow Glacier, njia ya Western Breach ikafungwa kwa muda. Mwanza barafu hamna, nyie ogopeni mvua na mizizi ya mikuyu.

Mgeni wa jiji
Na Hanang 2023 je, si mawe pia?

Ex mpagazi
Ile ilikuwa tope lililobeba mawe na magogo, likafuata makorongo mpaka Katesh. Tope unaweza kukisia litapita wapi, jiwe pekee hapana.

Mama wa Isamilo
Uswisi kijiji cha Blatten watu kama 300 walihamishwa kabla mlima haujashuka Mei 2025, wenzetu walikuwa wanaupima unavyosogea. Mimi kipimo changu saruji, nimeziba ufa kwa plasta nyembamba nikaandika tarehe, ikipasuka najua jiwe limetembea. Mpaka jana plasta ilikuwa bado nzima. Mgonga kokoto, hapo vipi?

Mgonga kokoto, Igoma
Safi dada, ila weka na kule juu maji yanakoingilia, na maji ya bati lako yaelekeze kwingine kwanza, yasimwagikie kwenye huo ufa.