Mitetea wanachechemea: sindano, kupasua unyayo au kuloweka?

MamaMitetea: Wakuu, mitetea wangu wawili wanachechemea tangu juzi. Jirani anasema niwachome OTC (sindano ya antibayotiki), shemeji anataka tuwapasue unyayo, mwingine ananiambia maji ya chumvi yanatosha. Kesho asubuhi naenda duka la dawa za mifugo na elfu kumi na tano. Ninunue nini?

FundiBanda: Dada, hujasema tatizo liko wapi. Unyayo umevimba na una kigaga cheusi, au magamba ya mguu yamesimama? Sakafu ya saruji au udongo? Wanataga?

KukuAsili: Kama ni magamba, huo ni utitiri umejichimbia chini yake, na OTC haiugusi. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta ya mgando mguu mzima. Rudia mara kwa mara kwa wiki kadhaa.

MzeeJogoo: Sisi tunachovya kwenye mafuta ya taa, basi.

KukuAsili: Shikamoo mzee. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, nakuomba uache.

MamaMitetea: Samahani, nilisahau. Unyayo umevimba, una kigaga cheusi. Sakafu ni saruji, fito za kulalia ziko usawa wa kifua changu. Wote wanataga.

BintiMoro: Basi ni jipu la unyayo. Nakusihi usipasue mwenyewe. Mwaka jana nilimpasua mtetea wangu kwa wembe, nikitegemea usaha utiririke kama wa mtu. Usaha wa kuku ni mgumu, kama kiini cha yai la kuchemsha. Nikawa nachimba tu, damu haikati, kuku amenitolea macho. Nikamfunga kitambaa, nikamrudisha kwa wenzake, nao wakamdonoa kile kidonda. Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba wote. Bwana mifugo alipofika akasema umeshaingia mfupani. Tulimchinja tukamzika. Mpaka leo naumia.

FundiBanda: Pole sana. Mama, nunua iodini, bandeji na glavu, chenji itabaki. Watenge, waloweke miguu kwenye maji ya chumvi dakika 15 kila siku, kausha, paka iodini, funga. Uvimbe ukipanda au ukiwa wa moto, mwite daktari wa mifugo. Na fito zishushe leo hii! Kuku mzito akiruka toka juu mpaka kwenye saruji, unyayo unachubuka na bakteria wanaingia. Weka na maranda.

MzeeJogoo: Maranda yanashika unyevu. Pumba za mpunga.

FundiBanda: Pumba nyepesi, wanazichakura mpaka saruji inabaki wazi.

BintiMoro: Mimi natumia mchanga mkavu.

KukuAsili: Ukichoma OTC, mayai usiyauze mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

MamaMitetea: Nina oda ya trei mbili Jumamosi! Fito nimeshashusha. Maranda gunia shilingi ngapi siku hizi?

MzeeJogoo: Nimesema pumba, mwanangu.