Wakuu naomba ushauri: Eunos Roadster ya 1994 kwa barabara za Dar, nitaiweza kweli?

Kipara_wa_Goba:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, wa matusi piteni tu. Kuna jamaa Mbezi Beach anauza Eunos Roadster, ndo hii hii Mazda MX-5 ila ilivyokuwa inauzwa kwao Japan, namba D, manual gia 5, injini 1600, mwaka 1994, nyekundu imepauka kidogo kwenye bonet. Alitaka 13m nimemshusha hadi 12.5.

Mimi mpenzi wa magari toka niko mdogo ila maisha yangu yote nimeendesha automatic za kwenda kazini na kurudi. Juzi kanipa niizungushe hadi Tegeta. Wakuu. Unakaa chini mpaka unaona nati za tairi la fuso zikikuangalia usoni, kigia kifupi unabadilisha kwa kiganja tu mkono hautoki pajani, na kila kitu barabarani unakihisi kiunoni. Nilikuwa 60, narudia tena SITINI, bodaboda wananipita, ila nacheka peke yangu kama chizi. Giza likaingia nikawasha taa, zikainuka zile kama chura kaamka, nikajua nimekwisha.

Swali: nakaa Goba, kipande cha mwisho ni rafu rodi, je chini haitalamba? Na spea?

nyoka_wa_tazara:
Uzi bila picha ni batili. Nimeweka kiti hapa.

FundiMzazi:
Mkuu nimeshashika hizo mbili tatu hapa gereji. Sio gari ngumu, ni gari ya kizamani tu, kila kitu unakiona ukifungua bonet. Ya 1600 taimingi belti ikikatika vavu hazigongani na pistoni kwahiyo utavutwa na kamba ila injini unayo. Klachi ikianza kugoma kuingia watu wanakimbilia kushusha gia boksi, kumbe mara nyingi ni ile silinda ndogo ya chini inavuja, badili hiyo kwanza. Oil ikilowa nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini angalia oringi ya sensa iliyopachikwa nyuma ya kamshafti, ni kapira tu ka bei ya soda. Betri iko kwenye buti, usiweke betri yoyote tu ile ina mrija wa kutoa hewa nje, weka ya kawaida isiyo na mrija uone asidi itakavyokula buti.

Rafu rodi pita taratibu na kwa mshazari. Matuta ya kienyeji ya mtaani ndo yatakuua, yale wananchi wanajenga wenyewe kwa hasira.

Ngosha wa Alteza:
12.5m kwa gari ya siti mbili? Ongeza kidogo uchukue Toyota Alteza, sikisi silinda, siti tano, na ukifika kijijini inaonekana ni gari. Hiyo kaputula utapakia nini?

MzeeWaKlachi:
Vijana hamjui raha ya gari nyepesi. Mwaka 1983 nilikuwa na Datsun 120Y pale Moshi, haina pawa stering, haina redio, sakafu upande wa abiria ina tundu unaona lami inapita. Lakini nilikuwa nikikanyaga shilingi najua ni kichwa au mwenge. Nilitoka nayo Moshi hadi Marangu kona zote na mke wangu (marehemu sasa) akashuka njiani kule Himo akapanda basi, akasema tutaonana nyumbani. Gari za siku hizi zina kilo elfu mbili na dereva kakaa kama yuko sebuleni.

Kipara_wa_Goba:
Asante FundiMzazi, Mungu akubariki. Mzee shikamoo, hapo umenigusa kabisa. Ngosha mkuu sitaki Alteza.

Mama_Wawili_Tabata:
Samahani kaka, una familia?

Kipara_wa_Goba:
Ninayo dada. Ila swali langu lilikuwa la uvungu na spea.

MlaUgali_Leicester:
Huku UK hizi zimejaa kama Toyota IST huko kwetu, wastaafu wanaenda nazo kununua maziwa. Ndo gari ya spoti ya siti mbili iliyouzwa sana duniani, Guinness waliiandika mwaka 2000 na 2016 ikafika milioni moja kutoka kiwandani. Na wazo lenyewe halikuanzia Japan, kuna mwandishi wa magari Mmarekani anaitwa Bob Hall, aliongea na mmoja wa mabosi wa Mazda, Kenichi Yamamoto, mwaka 1979 akamwambia Waingereza wanaacha kutengeneza vile vigari vyepesi vya wazi, nafasi iko tupu, kitengenezeni nyie. Ikatoka 1989 kwenye maonesho ya Chicago. Kimsingi ni Lotus Elan, kile kigari cha wazi cha Waingereza cha miaka ya 60, ila inawaka asubuhi na haimwagi oil kwenye zulia.

Kinachowaua huku ni kutu, chumvi ya barabarani wakati wa barafu. Ya kwako kama ilitumika kaskazini ya Japan nako wanamwaga chumvi, nyanyua jeki uchungulie kingo za bodi chini ya milango. Na fanya hivi: teremsha turubai, chukua chupa ya maji ya lita moja, mwaga polepole pale nyuma ya mkanda wa siti, kila upande. Maji lazima yatoke chini mbele kidogo ya tairi la nyuma. Yasipotoka, tundu limeziba majani, na kutu iko ndani tayari hata kama nje wamepiga rangi ikang'aa kama sahani ya harusi.

Kamau_wa_Ruiru:
Ndugu zetu wa TZ mna bahati, huku Kenya gari ikizidi miaka 8 huwezi kuiingiza, zilizoko ni zile ziliingia kitambo na wenyewe hawauzi. Kama uko na pesa nunua kabla mimi sijavuka Namanga.

Ngosha wa Alteza:
@Kamau bahati gani bana, hapa ushuru 25%, VAT 18%, juu yake uchakavu 30% kwa iliyozidi miaka 10. Ndo maana nasema asiagize anunue ya mtu. Ila anunue Alteza.

Mama_Wawili_Tabata:
Kaka hujajibu. Watoto wangapi, sasa hivi mnatumia gari gani, na hiyo 12.5m inatoka wapi? Anayeuliza uvungu wakati ana familia kuna kitu amekalia.

Kipara_wa_Goba:
Dada unanibana kama polisi. Haya. Watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Tulikuwa na IST.

nyoka_wa_tazara:
TULIKUWA 😂😂😂 nasogeza kiti

Kipara_wa_Goba:
Nimeuza Jumatatu, 10.8m. Nishatanguliza 4m kwa jamaa. Kabla hamjaanza, kadi ya IST ilikuwa jina langu. Watoto watapanda basi la shule, elfu 70 kwa mwezi kila mmoja, ukipiga hesabu ya mafuta na foleni ni kama sawa tu. Wife anafundisha shule iko dakika 20 kwa miguu. Na wakuu hii gari ina kilo 940, IST yenyewe inacheza kwenye tani moja, kwahiyo hata mafuta sio kwamba naenda kunywa petroli, ni injini ya 1600 ya farasi 120. Sio anasa kihivyo. Watu wanakunywa bia za pesa hiyo kwa miaka miwili na hakuna anayewafungulia uzi.

Mama_Wawili_Tabata:
IST ilinunuliwa kwa hela ya nani?

Kipara_wa_Goba:
Mkopo.

Mama_Wawili_Tabata:
Wa nani kaka.

Kipara_wa_Goba:
Wa kwake. Wa watumishi. Unakatwa mpaka mwakani. Ila tulikubaliana kwamba kwenye kiwanja mimi nitaongeza nguvu, na niliongeza, matofali 1200 niliweka mimi.

Sheikh_Mpole:
Subhanallah. Ndugu yangu, mke amana. Mwalimu anakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya gari ambayo haipo. Rudisha hiyo nne kabla hujalala.

Chanika_Plots:
Kwa 12.5m ungepata 20 kwa 20 Chanika, hati mkononi, umeme upo jirani. Njoo PM.

FundiMzazi:
Mkuu mimi sina neno kwenye ndoa yako, ila ukienda kupima nenda asubuhi injini ikiwa baridi, usikubali akuwashie kabla hujafika.

Injinia_Kibamba:
Samahanini kwa kuwaharibia sinema. CHAI HII. ID imejiunga juzi, picha hakuna, na kuna kosa moja kubwa. Eunos za soko la Japan, 1600 waliiacha katikati ya 1993 wakaweka 1800 moja kwa moja. Kwahiyo "Eunos ya 1994 injini 1600" haipo kiwandani. Kijana amesoma mtandaoni akachanganya madesa. Na ninyi mnatoa hadi mawaidha ya ndoa.

nyoka_wa_tazara:
Eeeh. Narudisha kiti mahali pake.

Sheikh_Mpole:
Hata kama ni chai, mke bado ni amana.

MlaUgali_Leicester:
Injinia yuko sahihi kuhusu Japan. Ulaya 1600 iliuzwa hata baada ya hapo, ila hizo ziliitwa MX-5, sio Eunos. Mkuu soma chesisi, ikianza NA6CE ni 1600, NA8C ni 1800. Isije ikawa umeuziwa mwaka tu.

Ngosha wa Alteza:
Chai au sio chai mimi nimejua leo kwamba chura ana chesisi namba. Ila Alteza.

MzeeWaKlachi:
Mnamwita mwongo kwa sababu ya mwaka? Kadi ya Datsun yangu iliandikwa rangi ya kijani na gari ilikuwa ya maziwa tangu siku ya kwanza.

Kipara_wa_Goba:
Nimetoka kwa jamaa sasa hivi, nimeandika kwenye kiganja kwa peni: NA6CE halafu namba. Hailingani na chai yako Injinia. Jamaa anasema ilitengenezwa mwanzoni mwa 93, ikakaa shoruum huko kwao, ikasajiliwa 94. Picha siweki kwasababu shemeji yangu yumo humu na gari nyekundu ya hivi Dar sidhani kama zinafika kumi.

Injinia_Kibamba:
Hiyo inawezekana, nakubali nusu. Ila hapo amekuuzia mwaka ambao sio wake, angalia na mengine. Nusu nyingine bado nahisi majani ya chai.

Mama_Wawili_Tabata:
Mimi naamini. Mwongo angejipamba, huyu kila akijibu anazidi kujichafua. Mwalimu yuko wapi sasa hivi?

Kipara_wa_Goba:
Yuko Kyela kwa mama yake na watoto, likizo. Nilitaka akirudi nimwoneshe, nimpandishe, tushushe turubai twende nae Bagamoyo jioni. Kabla hatujaoana tulikuwa tunaenda na pikipiki ya rafiki yangu, anakaa nyuma amenishika anaimba. Kwenye IST hajawahi kuimba hata siku moja, tunaongelea ada. Mnaona mimi mpuuzi ila kuna kitu nilikihisi kwenye ile gari ambacho sikuweza kumweleza kwa simu.

MzeeWaKlachi:
Ungejaribu tu kumweleza kwa simu.

Kamau_wa_Ruiru:
Wueh. Sasa mimi nimeanza kuskia vibaya na bado nataka hiyo gari.

Sheikh_Mpole:
Maneno mazuri. Mpigie uyaseme hivyo hivyo, leo.

Kipara_wa_Goba:
Mrejesho wa asubuhi wakuu. Nimemwaga maji kama mkuu wa Leicester alivyosema. Upande wa dereva yametoka chini safi kabisa kama bomba. Upande wa abiria nimemwaga lita nzima, hakuna kitu. Nimegonga ukingo wa chini kwa funguo, mbele inalia ngaa ngaa, karibu na tairi la nyuma inalia puu. Jamaa anasema ni putty kidogo tu. FundiMzazi, hapo nimwambie apunguze ngapi?

FundiMzazi:
Kukata na kuchomelea bati jipya upande mmoja, tia rangi, usishuke chini ya 8 laki. Mwambie milioni na nusu mkutane kwenye moja.

Mama_Wawili_Tabata:
Kaka umempigia mwalimu?

Kipara_wa_Goba:
Amepiga yeye. Wanafika Jumamosi alfajiri stendi ya Magufuli, kasema nije na IST niondoe siti ya mtoto nyuma kwasababu wamebeba magunia mawili ya mchele na ndizi za mama.

nyoka_wa_tazara:
Nimerudi na kiti. Ukasemaje?

Kipara_wa_Goba:
Nikasema sawa.