Tupeane uzoefu: siku uliyoacha kujiandaa ukaanza kufanya

Kalamu Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nianze na aibu yangu ili wengine msione haya. Nina madaftari manne ya riwaya. Majina ya wahusika yamo, nasaba zao mpaka babu wa babu, ramani ya kijiji kisichokuwepo, hata rangi ya mlango wa mhusika mkuu. Sura ya kwanza haimo. Miaka mitatu hiyo. Ukiniuliza naandika nini siku hizi, nilikuwa nakusimulia nusu saa nzima, na nikimaliza najihisi kama nimeandika kweli.

Mwezi uliopita daftari la tatu likalowa maji. Kwa hasira nikaandika ukurasa mmoja bila kufungua daftari lolote. Ulikuwa mbovu, jamaa anaongea kama tangazo la redio. Lakini ukurasa ule ulinionyesha kitu ambacho madaftari hayakuwahi kunionyesha: hadithi si ya kwake, ni ya dada yake. Sasa niko ukurasa wa 41, na ule mlango sijautaja popote.

Leteni simulizi zenu. Nasaha tunazo tele, ndizo zilizotuchelewesha.

Mguu Majini

Yangu ni kuogelea. Nilitazama video karibu miaka miwili, mitindo yote minne ya mashindano naijua kwa majina. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga; mimi niliyavulia nguo nikasimama ukingoni.

Siku niliyoingia, dakika ya kwanza tu nikajua tatizo langu si mikono wala miguu. Ni pumzi. Nilikuwa naibana. Video zote zilisema "toa pumzi ndani ya maji", nami nikiwa kochini nikaitikia kwa kichwa, kumbe mwili haukusikia. Mwalimu akanipulizisha mapovu kama mtoto, siku nzima hakunifundisha kingine. Wiki ya sita nikavuka bwawa. Kwa upana, msinipongeze sana.

Fundi Mzee

Ngojeni kwanza, uzi unaelekea kubaya. Mimi ni fundi umeme. Kijana niliyekuwa namfundisha alikuwa mtu wa vitendo kama mnavyotaka, akashika waya bila kuupima kwa testa. Alirushwa mpaka ukutani. Amepona, lakini kidole kimoja hakikunjiki. Kwetu sisi kuzima, kupima, na kupima tena ndiyo kazi yenyewe. Haraka haraka haina baraka.

Mguu Majini

Kweli kabisa, mzee wangu. Naomba kuuliza tu, kupima huko kunakuchukua dakika ngapi?

Fundi Mzee

Mbili. Haya, nimekuelewa.

Marejeo 212

Sisi wa vitabuni tunajifariji kwa Charles Darwin. Mwanasayansi huyo wazo la uteuzi asilia, yaani viumbe wanaoendana zaidi na mazingira yao ndio huishi na kuzaa zaidi, alikuwa nalo tangu 1838. Mwaka 1844 alishaandika insha ndefu na kumwachia mkewe maelekezo ya kuichapisha iwapo angekufa. Halafu? Miaka minane, 1846 mpaka 1854, akichunguza viumbe wadogo wa baharini wanaojigandisha kwenye miamba na matumbo ya meli. Juni 1858 akapokea barua ya mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, yenye wazo lile lile. Tarehe 1 Julai maandishi ya wote wawili yakasomwa London, na Novemba 1859 kitabu cha Darwin kikatoka.

Ile minane ilikuwa maandalizi au kujificha? Wanahistoria wanabishana mpaka leo, na haki isemwe, kazi ile ilimjengea jina kwa wanabiolojia wenzake. Mimi sina utetezi huo. Tasnifu yangu ilikuwa na marejeo 212 na utangulizi wa nusu ukurasa. Barua yangu ya Wallace ilikuwa msimamizi kuniambia anastaafu Desemba. Nilimaliza Novemba.

Mama Cherehani

Cherehani yangu ilifunikwa kitambaa mwaka mzima nikitafuta "muda mzuri". Kilichonitoa ni mbinu ya mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: usiseme tu utafanya nini, funga na tukio, kwamba likitokea hili, nafanya lile. Langu: nikivua viatu vya kazini, nakaa kwenye cherehani kabla ya kochi. Gauni la kwanza mkono mmoja ulikuwa mrefu. Nalivaa nyumbani.

Dada wa Pili

Langu si la kazi. Tuligombana na kaka yangu baada ya msiba wa mama. Nikamwandikia ujumbe, ukakaa kwenye rasimu miezi kumi na minne. Kulikuwa na toleo la kuomba radhi, toleo la kudai radhi, na moja refu lililopangwa kama hoja za wakili. Kila nikiusoma naona neno atakaloelewa vibaya. Nalibadilisha, naufunga.

Siku moja mwanangu akichezea simu akampigia mjomba wake. Nilipomnyang'anya ilikuwa inaita. Nilikuwa na muda wa kukata, sikukata.

"Haloo?"

"Kaka, shikamoo."

Kimya. Kisha, "Marahaba. Watoto hawajambo?"

Tukaongea habari za watoto dakika ishirini. Ugomvi hatukuutaja, na hatujautaja mpaka leo. Tunapigiana kila wiki. Ule ujumbe niliufungua jana, nikashindwa kuumaliza.

Fundi Mzee

Pole kwa msiba, binti yangu, na hongera kwa kutokata. Mleta uzi, umefika ukurasa wa ngapi?

Kalamu Kavu

41. Tangu asubuhi niko hapa nasoma majibu yenu.

Fundi Mzee

Zima simu.