Mrejesho: Friji au mashine ya kufulia, tulianza na kipi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama familia yetu ya watu 6 ianze kuweka akiba ya friji au ya mashine ya kufulia. Ushauri wa kuandika kwa wiki 2 kila chakula kinachomwagwa ndio uliomaliza ubishi: maziwa na mboga vilikuwa vinaharibika karibu kila siku. Friji ikashinda.

Tuligawa bei kwa miezi 10, tukaongeza asilimia 10 ya usafiri na kifaa cha kulinda umeme, pesa zikakaa kwenye akaunti ya friji tu. Imechukua miezi 13, maana ada za shule ziliingilia kati mara mbili. Anayepanga aiandike miezi ya ada kuwa sifuri tangu mwanzo.

Tulipokosea ni vipimo. Nafasi ya kuwekea tuliipima, mlango wa jikoni tukausahau, ikabidi tuung'oe kwenye bawaba. Halafu mlango wa friji uligonga ukuta kabla ya kufunguka vizuri, droo za mboga zikagoma kutoka hadi tulipoisogeza sentimita 8.

Ililazwa njiani, hivyo tuliisimamisha saa 24 kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) yarudi chini. Inashika nyuzi joto 4, maziwa yanafika siku ya tatu yakiwa mazima.