Mjadala: Mzungu akisema "I'll pass", anakuja au haji?

MWANZISHA MADA, TUKUYU

Habari za humu ndugu zangu. Naleta jambo lililonitia hasara, museme wenyewe.

Mimi ni mama wa parachichi, nina miti ya Hass huku Rungwe. Simu za wanunuzi ananishikia kijana wa dada yangu, kamaliza kidato cha nne na Kiingereza alipata C. Msimu uliopita tulimtumia picha za mzigo mnunuzi mmoja wa nje. Akajibu, na ujumbe ninao mpaka leo: "Looks nice, thanks, but I think I'll pass on this lot."

Kijana akausoma mara mbili. Akaniambia, "Mama mdogo, kasema mzigo ni mzuri, atapita kuuchukua." Nikamuuliza lini. "Siku hajataja, ila 'lot' ni nyingi. Atapita kuchukua nyingi."

Basi tukachuma. Anayelima parachichi anajua, tunda haliivi likiwa mtini. Ukishakata kikonyo ndipo siku zinaanza kuhesabika. Kreti 34 chini ya turubai, siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Siku ya tano nikabonyeza moja karibu na kikonyo, kidole kikazama. Kijana akapiga simu, mtu wa watu akashangaa, tena kwa upole kabisa: mbona nilishawaambia siuchukui? Na kweli alishatuambia. Nyingine tuliziuza Mwanjelwa kwa bei ya kutupa, zilizobaki wakala nguruwe.

Baadaye nikaelezwa kwamba "pass" hiyo ni ile ya wacheza karata, zamu ikikufikia ukaiacha ipite. Shuleni kijana alifundishwa "pass" ya kufaulu na "pass" ya kupita njia. Ila "kick the bucket" (kufa) na "it's raining cats and dogs" (mvua kubwa inanyesha) anazo kichwani, ukimuuliza anakuimbia.

Kwa hiyo nauliza: Kiingereza hiki cha mdomoni, wanachoongea wenyewe kila siku, kifundishwe darasani na kitungiwe mtihani, au kila mtu akakitafute kivyake? Mimi nasema kifundishwe. Nipingeni.

MWALIMU WA SEKONDARI, IRINGA MJINI

Mama, pole sana kwa mzigo. Lakini nakupinga.

Hujui Januari inavyokuwa. Mtoto katoka miaka saba anasomeshwa kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengine. Anaingia kidato cha kwanza, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza. Kabla hajaijua "pass" ya wacheza karata inabidi aijue "respiration", la sivyo atakaa mbele yangu miaka minne akinakili ubaoni kama anachora maua. Sasa niongeze na lugha ya vijiweni?

Halafu misemo tunaifundisha, tatizo ni kwamba wanaitumia. Niliwahi kuwapa zoezi la barua ya rambirambi. Binti mmoja, mwandiko mzuri, sarufi imenyooka, akaandika: "I am very sorry to hear that your beloved father has kicked the bucket." Alama za sarufi nilimpa zote. Kisha nikamwita pembeni nikamuuliza, kwenu akifa mzee utaenda msibani useme "poleni, nasikia babu kakata moto"? Akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyemwambia kwamba msemo ule una mahali pake. Umo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapwa London mwaka 1785. Ulizaliwa kijiweni na bado unanuka kijiweni.

Mimi bora mwanafunzi wangu aandike "he died". Hakuna atakayemcheka.

WAKALA WA FORODHA, TUNDUMA

Mnahangaika na Kiingereza cha nani hasa? Hapa boda foleni ya malori kwenda Zambia na Kongo haikatiki, na karatasi zote ni Kiingereza. Sijawahi kusikia paka wala mbwa wakinyesha.

Ninaowasikia ni madereva wa Afrika Kusini. Dereva akikwambia analeta nyaraka "just now", wewe mwenye C yako utasimama dirishani unasubiri. Kwao "just now" ni baadaye, na hiyo baadaye haina saa. Akitaka kusema punde hivi anasema "now now". Mimi nilisimama.

Na sisi je? Mtanzania ananyanyuka kwenye kiti anatoka mlangoni, anamwambia mgeni "I'm coming". Mgeni anabaki anajiuliza huyu anakuja vipi huku anaondoka. Kiingereza cha mdomoni kiko kila nchi na chake. Mkishaamua kukifundisha, mtachukua cha wapi?

MZEE MSTAAFU, MBEYA MJINI

Nimesoma nikacheka, kisha nikasikitika. Tangu 1967 watoto wetu wa msingi wanasoma kwa Kiswahili. SADC imekipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Halafu sisi tunakaa kulaumiana eti kijana hakuijua "pass". Mbona hatumuulizi huyo mnunuzi kwa nini hakuandika "no"? Herufi mbili tu!

Tena kwetu nako kuna mitego. Mgeni kaambiwa "piga" ni kuchapa. Haya, mpeni piga pasi, piga simu, piga deki, piga mswaki, piga kura, piga debe, mwisho apigwe chini na mchumba. Nani anaitisha kikao huko Ulaya kwa ajili ya "piga"? Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikaa chini wakajifunza Kinyakyusa ndipo wakahubiri. Anayetaka kitu kwa mwenzake ndiye anayejifunza.

MWANZISHA MADA, TUKUYU

Shikamoo mzee wangu. Hapo pa Wamoravian umenisaidia bila kutaka. Walijifunza kwa sababu wao ndio waliokuja na kitu cha kutufikishia. Leo mwenye kitu ni mimi, kreti zote zile.

MWANAFUNZI WA CHUO, MBEYA

Mnazeeka na hoja. Mimi misemo nimeipata kwenye muvi na video za simu, sijamlipa mtu hata mia. Lugha ya mtaani haifundishiki. "OK" yenyewe ilianza kama utani wa gazeti moja la Boston mwaka 1839, watu wanaandika "oll korrect" kwa makusudi. Leo bibi yangu kule Kyela anasema "oke" na shule hajaiona. Nani alimtungia mtihani?

MWALIMU WA SEKONDARI, IRINGA MJINI

Mdogo wangu, juzi nimesoma barua ya kuomba kazi ya kijana wa chuo kama wewe. Imeanza na "Hey" na ndani kuna "I'm gonna". Muvi zimemfundisha kuongea, ila hazikumwambia anaongea na nani.

MWONGOZA WATALII, IRINGA

Kamwene. Nimewasoma wote, kazi yangu ni kupeleka wageni Ruaha, kwa hiyo haya ndiyo maisha yangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na Wamarekani wawili, mtu na mkewe. Asubuhi kambini nikamuuliza mama, kahawa? Akanijibu kwa tabasamu "I'm good". Nikasikia mzima wa afya, nikamimina. Akanywa kidogo. Nikarudi, kahawa? "I'm good, thanks." Nikajaza tena mpaka juu. Mara ya tatu akafunika kikombe kwa mkono, mumewe kainamia sahani mabega yanatikisika. "I'm good" yao ni "nimetosheka, usimimine".

Mwingereza yeye alinitisha kweli. Tumeshinda juani tangu alfajiri, jioni kashuka kwenye gari anasema "I could murder a cup of tea". Nilichodaka mimi ni "murder". Kumbe ana hamu ya chai.

Nilinunua daftari. Mwanzoni niliandika misemo kama tulivyofundishwa, orodha ndefu, huku msemo huku maana, sikushika hata robo. Baadaye nikabadilisha. Nikawa naandika mgeni alikuwa anafanya nini aliposema vile. Anakataa? Analalamika? Anaahirisha? Ndipo nikaona kitu ambacho naona mama wa Tukuyu kakigusa bila kukitaja. Mitego karibu yote iko kwenye kukataa. "I'll pass" ni kukataa. "I'm good" ni kukataa. "Let me get back to you", mara nyingi ni kukataa. "It's not really my cup of tea" haihusu chai hata chembe. Na "I'm afraid we can't", nilimuuliza mzee mmoja wa watu unaogopa nini, niko hapa na askari yupo. Alikuwa ananiambia tu kwamba haiwezekani.

Msione ajabu. Na sisi hatukatai waziwazi. Nenda kwa fundi, atakwambia "kesho mapema". Mwombe mtu mchango wa harusi, atasema "tutaangalia". Kila Mtanzania anajua "tutaangalia" maana yake nini, ila mgeni atarudi wiki ijayo kuulizia.

Ndugu wa Tunduma, uliyeuliza cha wapi: hata wenyewe hawaelewani. Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana muda mrefu kikaoni kwa ajili ya neno "table". Kwa Mwingereza, kuileta hoja mezani ni kuijadili sasa hivi. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Wote walikuwa wanataka kitu kilekile. Kwa hiyo usichague cha nani. Mfundishe mtoto kuuliza, "Sorry, do you mean yes or no?" Sentensi moja, na haina aibu.

WAKALA WA FORODHA, TUNDUMA

Hiyo ya kuuliza naichukua. Ila muulize dereva wa Kusini "just now" ni saa ngapi uone kama atakujibu.

MWALIMU WA SEKONDARI, IRINGA MJINI

Kwa kukataa, sawa, nashuka nusu ngazi. Kipindi kimoja kwa muhula naweza kukipata: namna Kiingereza kinavyosema hapana bila kusema hapana. Na wajue kuisikia tu, wasikimbilie kuitumia. Wakitaka kukataa wao wenyewe waseme "no, thank you". Mtihani sitaki, tukiweka mtihani kesho yake kutakuwa na kitini cha majibu kinauzwa stendi.

MZEE MSTAAFU, MBEYA MJINI

Na kipindi cha "tutaangalia" kwa wageni?

MWANZISHA MADA, TUKUYU

Mzee, hicho ufundishe wewe, nitakuja kukaa mbele.

Mwalimu, la mtihani naliondoa, umenishinda. Kukataa kutangulie, paka na mbwa wasubiri nje. Kijana nimemsomea uzi huu wote tukiwa jikoni, ile sentensi ya mwongoza watalii akaiandika nyuma ya daftari la mauzo. Juzi kaitumia. Yule mnunuzi alituandikia kwamba bei yetu ni "a bit steep". Tukatafuta kwenye kamusi, "steep" ni mlima mkali. Kwa huku kwetu ni kweli, shamba liko mlimani, kijana akataka kumjibu kwamba gari linafika mpaka juu. Nikamzuia. Nikamwambia uliza. Akauliza: "Sorry, do you mean yes or no?" na bei yetu akairudia palepale.

Baada ya robo saa likaja jibu, maneno mawili: "Fair enough."

Hatujachuma. Mwongoza watalii, kama uko hewani, tafadhali.