Kwapa linanichanganya: neva zote naziona sawa, nisaidieni kabla ya mtihani wa vitendo

Daktari Mtarajiwa
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza udaktari. Mifupa nimeimeza, misuli ya mgongo hainisumbui, ila kwapa limenigomea kabisa. Kitabuni neva ni njano, ateri nyekundu, vena buluu, na kila kitu kimenyooka. Ukifika mezani kwenye maiti ya maabara vyote vina rangi moja, mafuta yamejaa katikati, halafu kibendera cha mtihani kimechomekwa kwenye kamba mojawapo na kengele inakaribia kulia. Nyie mlianzia wapi?

Koleo
Kariri tu dogo. Mtandao wa neva za mkono una mizizi 5 (C5 mpaka T1, yaani neva za uti wa mgongo za shingoni chini na ya kwanza ya kifua), vigogo 3, migawanyiko 6, kamba 3, matawi makuu 5. Tunga sentensi ya kuchekesha kwa herufi za mwanzo, iimbe hata bafuni. Mimi nilipita hivyo.

Kisu Kikali
Koleo, hizo namba ni za mtihani wa kuandika. Kibendera hakiulizi namba.

Mdogo wangu, achana na neva kwanza, tafuta ateri. Ateri ya kwapa inaanzia ukingo wa nje wa ubavu wa 1 na kuishia ukingo wa chini wa msuli wa teresi kubwa. Ikivuka hapo ni bomba lile lile, jina tu linabadilika kuwa ateri ya brakia. Mbele yake unapita msuli mdogo wa kifua, pektoralisi ndogo, unaoigawa sehemu tatu: ya kwanza kwa kawaida ina tawi 1, ya pili 2, ya tatu 3. Nyuma ya msuli huo ndipo kamba za neva zinapopata majina: ya nje, ya ndani na ya nyuma, kwa jinsi zilivyoizunguka ateri.

Sasa tazama mbele ya ateri, utaona herufi M. Mguu wa nje ni neva ya muskulokutaneasi. Ataitambua hata asiyesoma, kwa sababu inatoboa msuli wa korakobrakialisi. Mguu wa kati ni mediani, wa ndani ni ulna. Ukiinua ateri, neva nene utakayoikuta nyuma ni radiali.

Daktari Mtarajiwa
Asante sana mkuu. Mediani na ulna ndizo zinazoniua. Kwenye mkono wa juu zinashuka sambamba na hakuna inayotoa tawi la msuli!

Kisu Kikali
Basi zifuate kwa kidole, juu au chini. Juu: mediani ina mizizi miwili, mmoja kutoka kamba ya nje na mwingine ya ndani, ulna inatoka kamba ya ndani peke yake. Chini: mediani huanza upande wa nje wa ateri, ikifika katikati ya mkono huivuka, mara nyingi kwa mbele, na kuingia kiwiko ikiwa upande wa ndani. Ulna haivuki. Inarudi nyuma na kupita nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko, ile inayokupiga shoti ukijigonga mezani.

Fizio wa Zamu
Naongezea upande wa wagonjwa, maana neva ukiijua kwa madhara yake huisahau. Bega likiteguka, mara nyingi inayoumia ni neva ya kwapa, kwa kuwa inaizunguka shingo ya humerasi (mfupa wa mkono wa juu) ikiambatana na tawi la ateri. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega kabla ya kulirudisha na baada ya kulirudisha.

Radiali ndiyo ninayoipenda. Mtu akija kiganja kinaning'inia, mwambie anyooshe kiwiko. Akiweza, jeraha huenda liko chini, kwenye mfereji ulio nyuma ya humerasi, kwani matawi mengi ya trisepi, msuli unaonyoosha kiwiko, yameshatoka. Akishindwa, panda juu hadi kwapani na uulize kama ametumia magongo akiyaegemea kwa kwapa.

Binti wa Mwisho
Samahani kuingilia, mimi siyo mtu wa afya. Shangazi alifanyiwa upasuaji wa titi wakatoa na tezi za kwapani. Sasa ngozi ya ndani ya mkono wa juu imekufa ganzi. Ni hizo mnazozitaja?

Kisu Kikali
Pole kwa shangazi. Hapana, hiyo mara nyingi ni neva ya ngozi tu, inatokea kati ya mbavu (T2) na kukatiza katikati ya tezi, kwa hiyo huumia kirahisi wakati wa kuzitoa. Nguvu za mkono haiziathiri. Ila mkono ukianza kuvimba, au akisukuma ukuta fupa la bega likachomoza nyuma, arudi kwa daktari wake aangaliwe.

Daktari Mtarajiwa
Nimeelewa wakuu, maabara ikifunguliwa nakwenda kuinua ateri. La mwisho: vena?

Kisu Kikali
Upande wa ndani wa ateri. Wengi huondoa vijito vyake ili neva zionekane, kwa hiyo usipovikuta usishangae.