Mbwa achanjwe kila mwaka au kila baada ya miaka mitatu? Niko Igombe, naomba msaada

MamaKabula_Igombe

Habari za jioni ndugu zangu. Nina swali la mbwa, na naomba mnisome mpaka mwisho maana limeninyima raha wiki nzima.

Nauza dagaa hapa Igombe. Usiku wa giza boti zinatoka, asubuhi naanika, na siku ambayo jua halikutosha dagaa wanalala nje kwenye vichanja. Wanaonilindia ni mbwa wawili, Tarishi na Mkombozi. Kenge hasogei, mwizi hasogei. Tarishi ana miaka sita, masikio yote yamechanika kwa ugomvi. Mkombozi ana mwaka na nusu. Hawa si mapambo ya nyumba, ni walinzi wangu, na wajukuu wanashinda nao mchangani kutwa.

Mwaka jana mwishoni mwa Septemba gari la matangazo lilipita kutangaza chanjo ya kichaa bure, nikawapeleka wote wawili na kamba ya wavu shingoni. Kadi ninazo, zimeandikwa warudi baada ya mwaka. Sasa mtoto wa dada yangu anayeishi Uingereza kanipigia, nikamwambia nasubiri tarehe ya chanjo. Akasema, mama mdogo, huku mbwa anachanjwa kila baada ya miaka mitatu, hao wanakusumbua tu. Nikaenda mjini kuuliza kwenye duka la dawa za mifugo. Huko nikaambiwa kichaa peke yake hakitoshi, kila mwaka wapate na ya mchanganyiko, ile ya magonjwa kadhaa kwa sindano moja, tena yote. Bei waliyonitajia kwa mbwa mmoja nauza debe zima la dagaa kuipata.

Ila kinachoniuma hasa ni hiki. Kabla ya Mkombozi nilikuwa na mtoto wa mbwa, Chausiku. Nilimchukua ana wiki sita, na siku hiyohiyo nikampeleka akachomwa hiyo ya mchanganyiko. Nililipa hela yangu. Baada ya miezi miwili akaanza kutapika, kisha akahara damu, harufu yake mpaka leo naisikia. Siku ya tatu amekwisha. Wakaniambia ni parvo. Na mimi nilikuwa nimemchanja! Sasa kama chanjo haikumfikisha hata miezi mitatu, mtu ananiambiaje inakaa mwaka, au mitatu?

Nichanje kila mwaka au hapana? Na kwa Chausiku nilikosea wapi?

KijanaWaPasiansi

Pole sana mama kwa Chausiku. Parvo naijua, iliniondolea wawili.

Mimi nafuga mbwa na paka, na nitasema wazi: mbwa wengi wa mjini wanachomwa kupita inavyohitajika. WSAVA, ule umoja wa dunia wa vyama vya madaktari wa wanyama wadogo, mwongozo wake unasema mbwa mzima aliyemaliza chanjo za utotoni asirudiwe chanjo za distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa, magonjwa matatu ya virusi, mara nyingi kuliko kila miaka mitatu. Sio maneno ya mtaani hayo. Kwa paka kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walianza kuripoti saratani inayoota palepale sindano ilipopita. Hutokea kwa nadra, lakini ndiyo iliyofanya waache kuchoma kati ya mabega na wahamie chini mguuni, ili ikiota mguu ukatwe, paka abaki hai.

Paka wangu alivimba baada ya sindano mwaka juzi. Uvimbe ulikaa wiki tatu ukaondoka wenyewe. Hizo wiki tatu kila asubuhi kitu cha kwanza ni kumpapasa. Kwa hiyo mtu akikwambia rudia zote kila mwaka, wala hajaomba kuona kadi, muulize sababu kwanza kabla hujauza debe lako.

LamadiNdabaka

Kijana, mwongozo umeusoma sawa, ila usije ukamfanya mama aone distempa ni kitu kidogo. Sisi wa Lamadi tuko jirani na geti la Ndabaka, Serengeti inakuja karibu kugusa ziwa. Mwaka 1994 nilikuwa shule ya msingi na baba alikuwa anafanya vibarua hifadhini. Alikuwa akirudi anasimulia simba wanaanguka, wanatetemeka, wanapigwa degedege kama mtoto mwenye homa kali. Kama theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, karibu 1,000. Ilikuwa distempa, na ilitoka kwa mbwa wa vijijini, mbwa kama wetu ambao hakuna aliyewachanja.

Tangu hapo mbwa wangu hakosi. Mwaka au miaka mitatu hiyo mtabishana ninyi wasomi, lakini awe amechanjwa.

Mwalimu_Nansio

Mama Kabula, mimi nitasema la kichaa tu.

Mwanafunzi wangu wa darasa la pili aling'atwa pajani akitoka kuteka maji. Mwenye mbwa akaapa mbele ya mwenyekiti kwamba mbwa wake alichanjwa mwaka juzi. Kadi? Hana. Wakati wanabishana, vijana wakawa wameshamuua mbwa kwa mawe, na hilo ndilo lililotuharibia. Mbwa aliyeng'ata akiwa hai mnamfunga na kumtazama siku 10. Akiendelea kula na kutembea mpaka siku hizo ziishe, hakuwa na kichaa kinachoambukiza siku aliyong'ata. Sisi hatukuwa na mbwa wa kumtazama wala kadi ya kusoma. Nilimwosha mtoto mwenyewe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, analia, nami namwosha tu, halafu tukapanda meli kuja Mwanza. Baba yake aliuza nyavu ili mtoto amalize sindano zote kwa tarehe zake. Leo yuko darasani.

Ndiyo maana nasema kila mwaka, mama. Dalili za kichaa zikishamwanza mtu, karibu hakuna anayepona.

BwanaMifugoMstaafu

Mwangaluka Mama Kabula. Nilifanya kazi ya mifugo Magu na Misungwi, nimestaafu. Nimesoma wote na kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, ila mnazungumzia magonjwa manne kana kwamba sindano ni moja.

Nianze na Chausiku kwa kuwa naona ndiye anayekusumbua. Hukumkosea. Mtoto wa mbwa anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, anapata kinga ya mama yake. Kinga hiyo ni nzuri kwake lakini inapigana na chanjo. Ukimchoma akiwa na wiki sita, mara nyingi kinga ya mama inaiua chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Baadaye kinga ya mama inaisha, kwa mwingine wiki ya nane, kwa mwingine ya kumi na nne, na kwa macho hutajua. Hapo mtoto anabaki mtupu. Ndiyo sababu tunachoma, tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na sindano ya mwisho ya utotoni isiwe kabla ya wiki 16. Kisha anarudiwa akiwa kati ya miezi sita na mwaka. Chausiku alipata moja tu, ya kwanza, ile ambayo mara nyingi haishiki. Aliyemchoma alipaswa kukuandikia tarehe ya kurudi siku ileile. Hilo linanikasirisha, nasema kweli, kwa sababu watu wengi huona mbwa kafa na kadi mkononi wakaamua chanjo ni uongo, na hawarudi tena.

Sasa hiyo miaka mitatu ya mpwa wako. Ni kweli kwa distempa, parvo na homa ya ini, kwa mbwa aliyemaliza mfululizo huo niliousema. Kinga yake hukaa miaka mingi. Kijana wa Pasiansi yuko sahihi kabisa hapo, na kumchoma Tarishi hizo tatu kila mwaka ni kupoteza debe lako. Lakini mpwa wako anaishi nchi ambayo ilikomesha kichaa cha mbwa mwaka 1922. Kule mbwa asiyesafiri nje hachanjwi kichaa kabisa. Ushauri wake umetoka mahali ambapo ugonjwa tunaouogopa sisi haupo.

Kwenye kichaa kuna hesabu mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mbwa mmoja. Mbwa mzima mwenye afya aliyechanjwa akarudiwa baada ya mwaka, chanjo nyingi za leo zinamlinda hadi miaka mitatu. Marekani zipo zenye lebo ya mwaka na zenye lebo ya miaka mitatu. Hesabu ya pili ni ya mtaa. Ili kichaa kikatike lazima asilimia 70 ya mbwa wa mahali wawe wamechanjwa, na mbwa wetu hawakai. Wanagongwa, wanakufa, wanahamishwa, wanazaa. Nilikuwa nachanja kijiji, nikirudi mwaka unaofuata wengi wa mbwa walioko mbele yangu sijawahi kuwaona. Ukisubiri miaka mitatu kijiji kimeshabadilika chote. Kwa hiyo kadi yako inaposema mwaka, haisemi kinga ya Tarishi inakufa siku ya 366. Inasema Igombe yote inahesabiwa upya. Na kama alivyosema mwalimu, siku mbwa akimng'ata mtu hakuna anayekuuliza kinga inakaa muda gani, utaulizwa kadi na tarehe. Mpeleke kila mwaka. Ni bure, na mbwa wako akikosekana hiyo asilimia 70 inapungukiwa mmoja.

Kuna la nne ambalo hakuna aliyeligusa, na wewe wa dagaa linakuhusu kuliko wote. Mnakumbuka homa ya mgunda, Lindi, 2022? Bakteria wake ni leptospira, wanakaa kwenye mkojo wa panya, na penye dagaa pana panya. Mbwa anaupata, anaweza kuutoa kwenye mkojo wake mwenyewe, na wajukuu wako wapo mchangani. Kinga ya chanjo yake ni kama mwaka tu. Mara ya kwanza ni sindano mbili, wiki mbili hadi nne kati yake, halafu kila mwaka moja. Haizuii aina zote za vimelea hivyo, kwa hiyo panya bado wapigwe vita. Ila kwenye hili duka la mjini lilikuwa na hoja, ingawa halikukueleza. Uliza kama wana ya leptospira peke yake, usilazimike kununua mchanganyiko wote.

Na kabla hujalipa, omba kuonyeshwa friji. Ile ya distempa na parvo ni virusi hai waliokaushwa, inataka nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili na friji ikachemka, unachomewa maji. Ya kichaa ni ngumu zaidi, virusi wake wameshauawa. Ilijaribiwa hapahapa Tanzania ikiwa imekaa miezi kwenye nyuzi 25, na mbwa wakapata kinga sawa na wale wa chanjo ya kwenye friji.

Niambie, Mkombozi alipata ngapi utotoni?

MamaKabula_Igombe

Mzee wangu, Mungu akuweke. Nimesoma hapo kwa Chausiku mara mbili, nikaweka simu chini kwanza.

Mkombozi nimemkuta mkubwa, alikuwa wa mvuvi aliyehamia Kayenze. Kadi yake ina kichaa tu. Tarishi naye kichaa tu, miaka minne, ila mwaka mmoja katikati nilikosa nilipomuuguza mume wangu. Kwa hiyo hao wawili hawajawahi kupata hiyo ya parvo hata mara moja. Na kuna jambo nilisahau. Jirani yangu mbwa wake kazaa, watoto wana wiki nne, na kaniwekea mmoja. Nimchukue?

BwanaMifugoMstaafu

Wakubwa hao hawana shida ya dang'a, miili yao inajifunza mara moja. Waanze na mchanganyiko wenye leptospira. Baada ya wiki tatu hivi warudiwe. Baada ya mwaka warudiwe tena wote. Kuanzia hapo kila mwaka ni leptospira na kichaa, na hizo nyingine tatu kila baada ya miaka mitatu. Lipa kwa mmoja mwezi huu, mwingine mwezi ujao kama dagaa ni wachache. Aanze Mkombozi, kijana ndiye anayezurura.

Mtoto mchukue, ila usimlete sasa. Aache kunyonya kwanza, aje akiwa na wiki nane. Na usimweke alipofia Chausiku. Kirusi cha parvo kinadumu ardhini kwa miezi mingi, mwaka unaweza kupita, na sabuni ya kawaida haikiui. Mchanga huwezi kuuosha. Una mahali pa sementi?

MamaKabula_Igombe

Kibaraza cha nyuma, nilikimwagia sementi mwaka jana. Chausiku hakuwahi kufika huko, alikuwa akilala chini ya vichanja.

BwanaMifugoMstaafu

Hapo ndipo pake. Sugua kwanza kwa sabuni, kisha maji ya klorini, yaache dakika kumi ndipo usuuze. Tarishi na Mkombozi wasipande wakitoka mchangani, na wajukuu wavue ndala kabla ya kumshika. Akae hukohuko mpaka siku kumi baada ya ile sindano ya wiki 16, ndipo umshushe.

MamaKabula_Igombe

Ni miezi miwili na zaidi kibarazani. Atalia usiku, lakini sawa, nitahamishia kitanda changu chumba cha nyuma. Leo nimeenda mjini, nimeomba kuonyeshwa friji, wakanionyesha, ina kipimajoto kinasoma nyuzi 5. Ya leptospira peke yake hawana, ya mchanganyiko ipo. Mkombozi kachomwa. Nimewaambia waniandikie tarehe ya kurudi kwa kalamu ya wino, na wameandika.